Mzee Amezimika

Kwa kina Wilbard, Kibosho, baba aliitwa Baba. Mzee lilikuwa gari, kongwe la enzi za mkoloni, ambalo kila Jumapili lilikohoa katikati ya mlima wa kanisani na kuwashusha waumini walisukume na nguo zao safi. Wilbard alipopata nafasi ya kusomea uhandisi Guangzhou, China, alimwahidi baba yake jambo moja: Mzee angeupanda mlima ule bila kusukumwa, naye Baba akiwa ameshika usukani.

Mwaka wa tisini na nane akaikuta injini ya aina ileile kwenye karakana ya chuo. Aliifunga kwenye mashine ya kupimia nguvu. Akabadilisha kabureta, ndogo kwa kubwa, mshale ukasogea kidogo tu. Alipong'oa ekzosi nyembamba na kufunga pana, mshale ukaruka. Kumbe miaka yote walimsema Mzee kwa uvivu, na mwenzao pumzi ilikuwa inamkwama kooni! Wilbard alicheka peke yake kama mwehu.

Siku hiyohiyo akapita mtaa wa Xiaobei, dukani kwa Marijani, mfanyabiashara wa Dar ambaye simu yake ilipokea salamu za wanafunzi wote. Dainess, dada yake Wilbard, alikuwa amepiga.

"Kasema Mzee amezimika," Marijani alimwambia. "Nikataka kuuliza zaidi, meiyou, hakuna kitu, laini ikakata."

Wilbard hakushtuka. Kuzimika kwa Mzee kulikuwa habari ya kila wiki. Kwa kuwa alikuwa anawahi kipindi, alimwachia jibu.

"Waambie wasimguse. Ni pumzi tu imembana. Dawa yake ninayo, ataamka."

Marijani, asiyejua habari za gari wala za mtu, alilifikisha lilivyo.

Keshokutwa yake, akiwa tena dukani kwa Marijani, Wilbard alimpata Dainess hewani. Hata salamu hakungoja, akaanza na ekzosi. Dada yake alimwacha mpaka maneno yakamwishia.

"Kaka, nilisema Mzee kwa sababu naongea na mgeni. Mtu nisiyemjua ningemwambiaje Baba amefariki?"

Wilbard aliketi juu ya furushi la jinzi za Marijani. Akauliza kama wameshamzika.

"Leo asubuhi. Ilikuwa iwe jana, Mama akakataa. Alisema mwanangu ni msomi, kasema baba yake asiguswe, ataamka. Akakaa naye kutwa nzima, amemfungua vifungo vya kola apate pumzi."