Waya wa Oveni ya Nasma

Jumatano, saa nne asubuhi, fundi Valerian alipiga magoti jikoni kwa Nasma, huko Mitwero, akachungulia shimo la kabati lililoachwa na oveni ya zamani. Oveni mpya, kubwa zaidi, ilisubiri sebuleni. Yahya alimnunulia mkewe ili aoke mikate ya kumimina ya maulidi, na watu wa kuagiza walikuwa wengi.

"Waya huu mwembamba," alisema Valerian. "Oveni hii inataka waya wa milimita sita, wa peke yake, mpaka kwenye mein swichi, na swichi yake ya kujikata. Mkiuacha huu mtaungua."

Yahya alicheka mpaka akashika ukuta. Valerian ni Mmwera, mtani wa ukoo wao tangu kwa mababu. Mtani ana ruhusa ya kusema lolote na hakuna wa kumkasirikia. Tabu yake, hakuna anayelazimika kumwamini.

"Mtani, umeshatuwekea matanga ili ule pilau!"

"Yahya, leo sitanii."

Hapo ndipo Yahya alipocheka hasa. Valerian akafunga mkoba wake akaenda zake, na Yahya akaiunga oveni mwenyewe kwenye waya uleule.

Katika mkate wa tatu oveni ilizimika. Waya ulikuwa umetoka ukutani, ukajikokota hadi barazani, ukaketi mkekani ukihema. Nasma aliupepea kwa ungo. Hakuumwagia maji, maana ya umeme na maji anayajua. Jirani yao Amina alipita na ndoo, akaupa pole ya kazi.

"Nimeshapoa," ulijibu waya. "Ila mtani wenu hakutania. Mimi ni wa milimita mbili na nusu."

"Ala! Na waya nao mtani!" Yahya akafurahi kweli.

Tangu siku hiyo waya ulipumzika kila baada ya mikate mitatu, na wateja wakazoea kuuruka mlangoni. Lakini ukuta ule upande wa pili una kitanda cha Kibibi, binti yao wa miaka minne. Nasma aliugusa ukuta, akauondoa mkono haraka. Aliogopa, na akasema.

"Baba Kibibi, mimi naogopa. Mwanangu ataungua. Mwite Valerian abadilishe waya."

Mke si mtani. Yahya alimtazama usoni, akaacha kucheka. Aliutazama na waya pale mkekani, akauonea huruma ya dhati.

Ijumaa, baada ya swala, alirudi na feni kubwa ya kusimama. Akaielekeza mkekani ili waya upate upepo, akaichomeka kwenye soketi ya jikoni, akabonyeza. Feni haikuzunguka; soketi ile nayo ilipata umeme kwa waya uleule.

Waya uliitazama, ukainuka, ukarudi ukutani kuiendesha. Nasma akaenda kukisogeza kitanda cha mtoto.