Kadi Zilizonyaushwa

Nyang'au aliamini kwamba masomo yake yalikwisha siku alipotoka shule ya bweni ya misheni, akiwa na cheti, Kiingereza safi na shingo ngumu. Kwa miaka yote aliyokuwa karani mkuu wa mizani katika shamba la chai juu ya Kericho, hakuwahi kumwuliza mtu neno. Sasa kampuni ilikuwa imeleta mashine ya kusoma kadi za matundu, zinazotobolewa kuonyesha kilo za kila mchumaji, na makarani wote wakaamriwa wajifunze. Ambaye angeshindwa angepoteza kazi, na pamoja na kazi, nyumba ya kampuni.

Mwalimu wao alikuwa Mellen, binti wa Kisii aliyesomea kompyuta Nairobi. Kiumri, alikuwa rika la kifunguamimba wa Nyang'au.

"Mashine hii itazeeka kabla yenu," Mellen aliwaambia. "Itakuja nyingine. Ndiyo maana nawafundisha kujifunza. Asiyeelewa aulize."

Irungu, karani mwenzake Nyang'au, alimgusa kiwiko. "Mzee wa bweni, uliza basi. Siku hizi hawamchapi anayeuliza."

"Mimi nilimaliza shule wewe ukibebwa mgongoni," Nyang'au alimjibu.

Ukungu wa Juni ukashuka. Siku moja kabla ya malipo, kadi za wachumaji zililegea kwa unyevu, na mashine ikazikataa. Mellen alikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Nyang'au aliutazama mlango ule, kisha akaupa kisogo. Kitu kibichi hufanywaje? Hilo kila mtu wa kiwandani alilijua. Akazipandisha kadi kwenye dari ya kiwanda cha chai, akazitandaza juu ya vitanda vya waya, pale hewa ya moto inapopulizwa kunyausha majani ya chai.

Asubuhi, kadi zilikuwa zimejikunja. Alizinyoosha kwa kiganja, akazitia mashineni. Mashine ilimeza chache, ikakwama, ikazitafuna zilizobaki. Malipo hayakutoka. Wachumaji walisimama mvuani hadi wakachoka; Bitutu, mjane mwenye mtoto mgonjwa mgongoni, aliondoka bila hata pesa ya dawa.

Meneja hakupaza sauti. Alimwamuru Nyang'au aihame nyumba siku hiyo hiyo.

Nyang'au alimkuta Mellen amepiga magoti mbele ya mashine, akiokota vipande. Akavua kofia.

"Mwalimu," alisema, na hakuwa amewahi kumwita hivyo. "Zilipaswa kukaushwa vipi?"

"Hazikaushwi, Mzee. Hutupwa, ukatoboa nyingine kutoka kwenye vitabu vya mizani. Ilikuwa kazi ya jioni moja." Akaokota kipande kingine. "Nilikuwa hapo tu, chumba cha pili."

Nje, lori lilipiga honi. Mkewe Yunia alikuwa amekwisha kupakia masufuria na godoro, na Irungu, aliyembebea kitanda, hakuwa na mzaha wowote mdomoni.

Nyang'au alivuta benchi, akaketi.

"Na ukishazitupa," aliuliza, "unaanzia kadi ipi?"

Mellen alichukua chaki. Honi ikalia tena, kwa hasira. Nyang'au hakugeuka, alisubiri jibu mpaka mwisho, ndipo akaenda kupanda lori.