Chapati ya Choroko na Birika Langu

Mimi Ancha sipendi kuchanganywa. Nikichanganywa nagomba, na nikigomba kijiji kizima cha Olumbi kinajua, maana sauti yangu Mungu ameitia baraka. Basi mwaka huu nimechanganywa mpaka nikakonda, na aliyenichanganya ni choroko. Ndiyo, hizihizi choroko ndogo za kijani mnazozijua.

Mkwe wangu Rachida aliolewa na mwanangu Ibraimo mwaka jana. Ibraimo anavua kisiwani Macaloe, anarudi mara moja kwa mwezi, kwa hiyo nyumbani tuko wawili tu, mimi na yeye. Mtoto mpole huyo! Ukimwambia kaa, anakaa. Ukimwambia kula, anakula. Tangu aingie nyumbani kwangu sijamsikia kukataa kitu, nami nikawa najisifu kwa majirani kwamba mkwe mwenye adabu kama wangu humpati kuanzia hapa mpaka Mute.

Mimba ilipofika mwezi wa tano akawa hawezi samaki. Hawezi kabisa! Nikibanika changu, anakimbilia nyuma ya nyumba, anatapika mpaka machozi. Pweza hamtaki, kuku hamtaki, dagaa ndiyo usiseme. Sasa hapa kwetu ukimtoa samaki unabaki na nini? Ugali mkavu. Macho yakawa meupe kwa ndani, akichota ndoo moja ya maji anakaa chini kutweta. Nikampeleka hospitali yetu ndogo.

Nesi wetu ni Celeste, msichana wa Kimakonde kutoka bara, mwembamba, ana miwani na hababaiki na mtu, hata mimi. Akamchoma Rachida kidole, damu akaitia kwenye kimashine.

"Nane na nusu," akasema.

"Nane na nusu ya nini?"

"Damu yake, mama Ancha. Mimi nataka angalau kumi. Nitampa vidonge, nitamfundisha chakula, na kila mwezi nitampima. Akifika mwezi wa nane bado yuko chini ya kumi, simzalishi hapa. Atapakiwa gari aende hospitali kubwa."

Hospitali kubwa. Nyie hamjui neno hilo linanifanya nini. Nilikuwa na binti mmoja tu, Sumaia. Uchungu ulipomshinda tulimpakia gari kwenda hospitali kubwa, ilikuwa masika, gari likazama kwenye tope. Alinifia mapajani, mtoto yuko tumboni, hata nusu ya njia hatujafika. Nikamtazama Rachida pale kwenye benchi, nikaapa moyoni kwamba huyu hapandi gari, labda nife mimi kwanza.

"Haya," nikamwambia Celeste, "sema hicho chakula."

Akaanza kusimulia. Alipokuwa anasoma unesi Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, alipanga chumba kwa mama mmoja wa Kihindi, na nyumba ile hawali samaki wala nyama.

"Maskini," nikasema.

"Si maskini, mama. Wana duka kubwa la vitambaa."

"Wana duka kubwa, halafu wanakula majani?"

Ndipo kuchanganyikiwa kulipoanza. Celeste akasema choroko unailoweka mpaka asubuhi, unaifunga kwenye kitambaa kibichi, unaiacha siku mbili mpaka itoe mikia. Kisha unaikaanga kidogo na kitunguu, nyanya na manjano, unaitandaza juu ya chapati ya unga usiokobolewa, unatia majani ya mlonge, unakamulia ndimu, unakunja chapati kama mkeka. Akala yeye miaka mitatu, akatoka na damu kumi na tatu.

"Ina protini ya kujenga mwili wa mtoto," akasema, "na ina ferro. Chuma, mama."

"Chuma! Nimlishe mkwe wangu misumari?"

Rachida akajifunika mdomo kwa kanga. Celeste naye akacheka, lakini hakuacha kueleza: chuma ndicho kinachotengeneza damu, choroko ikiota chuma chake kinalegea, na ndimu inausaidia mwili kukichukua. Mimi hapo nilikuwa nimeshamwona mwanamke mmoja anaturuka foleni ya dawa. Nikatoka nikampa maneno yake. Niliporudi, Celeste na Rachida walikuwa wamemaliza kuzungumza.

Siku tatu baadaye nikaona kitambaa kibichi nyuma ya mtungi. Nikafungua. Astaghfirullah! Punje zimepasuka, zimetoa mikia myeupe. Sisi hapa tunajua kitu kimoja tu kinacholoweshwa na kufunikwa mpaka kiote, nacho ni kimea cha pombe. Jirani yangu Judite ndivyo anavyofanya mtama wake, na simlaumu, yeye Mkristo, kwao hakuna neno. Lakini ndani ya nyumba yangu mimi, binti Abdurrazaque? Wallahi sikufikiri mara mbili. Nikabeba kitambaa chote, nikawamwagia kuku. Rachida alikuwa amesimama mlangoni, ananitazama, mikono ameifumbata tumboni.

Judite akaona kuku wangu wanavyogombania, akacheka mpaka akashika ua. "Weye Ancha! Choroko itoe pombe? Ingekuwa hivyo ningekuwa nimeshajenga nyumba ya bati!"

Nikakumbuka maneno ya nesi. Nikaona aibu, lakini aibu yangu mimi inatokea kwa mlango wa ugomvi. Nikamgeukia Rachida: "Na wewe mbona uliniacha nimwage? Huna mdomo?"

"Samahani, mama," akasema, akaenda kupima choroko nyingine.

Tangu siku hiyo kazi ile niliichukua mwenyewe. Mimi nikifanya jambo silifanyi nusu. Kila asubuhi chapati mbili zimekunjwa, zimenona choroko, mlonge nimeukata mwembamba, ndimu inatiririka. Birika langu la chai liko mkaani, majani nimeyakoleza hasa, na tangawizi ndani. Namkalisha Rachida mkekani, namwekea sahani, namkabidhi kikombe kwa mikono miwili kama mgeni wa heshima, na vidonge vyake pembeni avishushie. Anakula mpaka mwisho. Anakunywa mpaka mwisho. Mimi mwenyewe nilionja chapati ile, na nitasema kweli, choroko inakatika menoni tamutamu, nikala na ya pili.

Mwezi ukaisha. Tukaenda kupimwa nikiwa na kanga mpya, natembea kama nakwenda harusini.

"Nane na tatu," akasema Celeste.

"Unasemaje?"

"Imeshuka, mama."

Imeshuka! Nilikigombeza kile kimashine mpaka watu wakachungulia dirishani. Celeste akabadilisha kidude, akapima tena: nane na tatu. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Vidonge anameza?" Anameza. "Choroko anakula?" Mbele ya macho yangu! "Choroko imeota?" Ina mikia kuliko panya! Celeste naye nikamwona kachanganyikiwa. Akamwangalia Rachida, na Rachida akaangalia sakafu.

Nilirudi nyumbani kichwa kinazunguka. Huo mwili wa mtoto huyu una tundu wapi? Chakula kinaingia, chuma kinaingia, damu inakwenda wapi? Nikaongeza chapati zikawa tatu. Nikadhani ni jicho la mtu, nikasomesha kombe la dua akanywa. Nikadhani ni choroko za dukani zimechakaa, nikatuma watu waniletee za shambani. Nikamwuliza Judite, Judite akasema labda chakula cha Wahindi kinataka tumbo la Kihindi. Nikalichukua hilo nalo nikalala nalo. Na kila asubuhi namwangalia Rachida anavyofifia, midomo myeupe, namkumbuka Sumaia, nakoroga majani zaidi kwenye birika ili apate nguvu.

Jumamosi moja Celeste akaja bila kuitwa. "Nataka kuona kwa macho yangu," akasema, akavua viatu, akakaa mkekani.

"Ona basi! Usije ukasema Ancha anamnyima mkwe wake."

Nikamfanyia kila kitu polepole kama mwalimu. Chapati hii. Choroko hii, hesabu mikia. Mlonge. Ndimu. Celeste anatingisha kichwa: vizuri, mama, vizuri sana. Nikakunja, nikaweka sahanini. Kisha nikamimina chai, nikampa Rachida kwa mikono miwili.

Celeste akaweka kiganja chake juu ya kikombe.

"Hii anakunywa kila siku?"

"Na chapati inaliwa na nini? Chapati bila chai umeiona wapi wewe?"

"Na vidonge?"

"Anashushia hapohapo."

Celeste akamgeukia Rachida, akasema taratibu: "Siku ile mama yako alipotoka nje, nilikuambia nini?"

Rachida alikuwa anang'oa ukindu wa mkeka kwa kucha. "Uliniambia chai inakishika chuma, mwili unashindwa kukichukua. Uliniambia chakula hiki na vidonge nisichanganye na chai. Nisubiri saa mbili."

"Sasa mbona unakunywa?"

Kuku wanapekua uani. Kisha mtoto yule akasema, kwa sauti ya chini kabisa:

"Mama ananimiminia."

Nilikaa chini. Sijui nilikaaje, nilijikuta tu niko mkekani na birika mkononi. Alijua! Siku zote alijua. Anajua damu yake inakwisha, anajua barabara ile, habari ya Sumaia nilimsimulia mwenyewe, na bado kila asubuhi anapokea kikombe na kunywa mpaka mwisho, kwa sababu kuniambia mimi "sitaki" kulimtisha kuliko kufa. Nikawakumbuka kuku na choroko zile, na yeye amesimama mlangoni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa natafuta mchawi, na mchawi anakoleza majani.

Nililia mbele ya nesi, bila haya. Kisha nikafuta uso kwa kanga. "Rachida, mwanangu. Kuanzia leo nikikupa kitu usichokitaka, sema sitaki."

"Sitaweza, mama."

"Utaweza! Sema sasa hivi!"

"Mama Ancha," akasema Celeste, "unamgombeza."

Kweli, nilikuwa namgombeza.

Birika nikampelekea Judite alitunze, maana mikono yangu siiamini. Chapati zikaendelea, chai ikasimama, vidonge akashushia maji ya ndimu. Na kila siku tukawa tunafanya mazoezi. Nampelekea kichwa cha samaki makusudi: "Sema!" Anafungua mdomo, anaufunga. "Samahani, mama." Nampelekea kanga yangu kuukuu iliyotoboka: "Hii vaa leo. Sema!" Anaivaa! Nikawa nacheka na kulia, sijui kipi ni kipi.

Mwezi wa saba, tisa na nne. Mwezi wa nane, Celeste akakitazama kimashine, akakigeuza nikione mwenyewe japo sijui kusoma. "Kumi, na kidogo juu yake," akasema. "Kumi nukta moja. Atazalia hapa." Nilimbusu kipaji cha uso, miwani ikaanguka.

Akajifungua adhuhuri ya Ijumaa, hapahapa Olumbi, hakuna gari wala tope. Damu ilimtoka, lakini ilikuwepo ya kutoka. Mtoto wa kike, ana nywele mpaka masikioni. Ibraimo alikuwa yuko Macaloe na simu haishiki, kwa hiyo mtoto nilimpokea mimi, nikamkumbatia, na jina lilikuwa mdomoni mwangu tangu miaka mingi.

"Karibu, Sumaia," nikamwambia.

Rachida alikuwa amelala, jasho bado halijakauka. Akanyanyua kichwa.

"Sitaki, mama."

Celeste akaacha kuosha mikono. Mimi nikafungua mdomo, na mnanijua mimi nikifungua mdomo. Nikaufunga tena.

"Sitaki abebe jina la safari ile," akasema Rachida. Macho hakuyainamisha. "Anaitwa Zainabu. Jina la mama yangu."

Liliniuma, nisiwadanganye. Liliniuma pale palipouma siku ile ya tope. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, neno lile nilimfundisha mwenyewe, miezi karibu mitatu nilimsihi alitoe. Nikamtazama mtoto, nikamrudishia mama yake, nikamlaza kifuani kwake.

"Haya," nikasema. "Zainabu."

Kisha nikaenda nyumbani kuloweka choroko, maana mzazi anayenyonyesha anataka damu.