Macho ya Biji

Pasi ilikuwa imepoa mara mbili na Ndanu hakuwa ametambua. Aliipitisha juu ya kitambaa kilekile cha kilemba cha Arjun, mwajiri wake, kile cha bluu, huku sikio lake likiwa langoni. Saa kumi na moja ilishapita. Walisema daktari angemfungua Biji, mama yake Arjun, bandeji za macho saa nane, kisha waje nyumbani moja kwa moja, na kutoka hospitali ya macho hadi hapa Kileleshwa si mbali. Labda walikwama njiani. Labda, Mungu amsamehe, operesheni haikushika.

"Ndanu, wewe ni mchawi," alijiambia. Mwanamke mzima wa miaka arobaini na mmoja, kumwombea mama wa watu upofu! Lakini hofu ikikukaba haina adabu.

Hofu yenyewe ilianzia mbele ya televisheni.

Nyumba hii ilikuwa na desturi tangu mzee wa nyumba alipokuwa hai. Saa moja jioni kazi zote zilisimama, chai ikamiminwa, na familia nzima ikaketi sebuleni kutazama tamthilia ya Kihindi. Mzee alipofariki, mjane wake, Surjit, ambaye kila mtu alimwita Biji, aliishikilia desturi hiyo kwa meno. Kisha mtoto wa jicho akamfunga macho yote mawili, akabaki na masikio tu. Ndanu naye, Mkamba wa Kangundo, hakujua neno hata moja la Kihindi, ila macho alikuwa nayo. Basi wakagawana kazi, mmoja asikie, mwingine aone.

"Mimi nasikia hii mama nalia," Biji angesema. "Kwa nini nalia?"

"Ameshika barua, Biji. Na ule msichana mwingine amejificha nyuma ya pazia, anacheka."

"Shetani, hiyo! Mimi nilisema!"

Wakacheka wote wawili mpaka chai ikapoa. Raha ilikuwepo, asikudanganye mtu. Kuna siku Ndanu aliona saa moja inachelewa kufika kuliko Krismasi.

Tatizo lilikuwa sauti. Biji aliitaka juu, juu kabisa, hata mtu akiongea kando yako unaona midomo tu. Arjun, mwanawe, akawa wa kwanza kuondoka na simu yake. Mkewe Gurleen akafuata. Jasleen, binti yao wa miaka kumi na sita, hata chai hakumaliza. Walikuja, wakamwamkia Biji, wakakaa dakika kumi, halafu wakanyata mmoja mmoja, miguu mitupu juu ya zulia, wa mwisho akiurudisha mlango taratibu. Hawakuwa na ubaya. Walijiambia tu kwamba Biji haoni, hatajua, na Ndanu yuko.

Jioni moja Biji alicheka, akakigeukia kiti cha mwanawe. "Arjun, umeona hiyo?"

Kiti kilikuwa kitupu. Uso wa Biji ukabaki umegeuka vilevile, ukisubiri, na Ndanu roho ikamuuma.

"Anacheka, Biji," akasema. "Anacheka mpaka ameshindwa kuongea."

Neno moja tu, tena la huruma. Kesho yake akaulizwa tena. Mwaka ukaisha Arjun akicheka, Gurleen akifuta machozi, Jasleen akilalia bega la mama yake, wote hao wakiishi kinywani mwa Ndanu. Na Biji hakuwa mtu wa kuvumilia mwongo. Everlyn, aliyefanya kazi hapa kabla yake, alivunja bilauri akasamehewa. Aliposema ni paka aliyeivunja, akafungashiwa virago siku iyo hiyo. Nyumba haikuwa na paka.

Njia ya mwongo ni fupi. Honi ikalia langoni.

Biji aliingia polepole, miwani nyeusi usoni, mkono begani mwa Jasleen. Alipofika sebuleni akasimama, akavua miwani, akamtazama Ndanu kutoka kitambaa cha kichwa hadi kandambili.

"Wewe ndiyo Ndanu?"

"Ndiyo, Biji."

"Mimi nafikiri wewe mnene."

Watu wote wakacheka, na Ndanu akacheka nao. Mwenye macho haambiwi tazama, na kuanzia leo Biji alikuwa na macho.

Jikoni alimvizia Gurleen kando ya friji. "Mama Jasleen, leo msitoke sitting room. Tafadhali."

"Kwani kuna nini?"

"Biji anaona sasa."

"Si ndio, na tushukuru Mungu!" Gurleen akamshika bega. "Nitakaa, Ndanu. Lakini niko na meeting ya online saa moja na robo. Nitakaa kidogo."

Ndanu alifungua mdomo aseme yote. Chai ikachemka ikamwagika, na nafasi ikapita.

Saa moja ikafika. Biji akaketi mbele kabisa, karibu na kioo cha televisheni. Wengine wakaketi nyuma yake, kila mmoja na kikombe. Sauti ikapanda. Dakika kumi walitazama vizuri, hata Arjun akauliza yule mwenye masharubu ni nani. Halafu simu yake ikawaka. Akainuka. Mazoea yana taabu, maana hata hakuonekana kufikiri. Jasleen akanyata nyuma yake. Gurleen alitazama saa, akamtazama Ndanu, akainamisha macho, akaurudisha mlango taratibu.

Ndanu akachukua kilemba cha bluu. Kilemba cha Singasinga ni kirefu, hukunjwa na watu wawili, huyu akivuta huku na yule kule. Yeye hakuwa na wa pili, kwa hiyo kila jioni alifunga ncha moja kwenye kitasa cha mlango. Akaifunga. Biji hakuwa amegeuza kichwa hata mara moja.

"Ndanu."

"Biji."

"Arjun naangalia hii?"

Angeweza kusema ndiyo. Biji alikuwa amempa kisogo, na neno lenyewe lilishazoea njia. Ndanu alikumbuka kisa cha Everlyn na virago vyake. Halafu akachoka, akachoka kabisa.

"Hayuko, Biji."

"Gurleen?"

"Hayuko. Hata Jasleen. Tuko wawili tu. Hata jana tulikuwa wawili, hata mwaka jana. Nilikuwa nakudanganya. Nisamehe, Biji."

Biji akageuka. Alivitazama viti kimoja kimoja, na vikombe vitatu vilivyokuwa bado vinafuka moshi. Akachukua rimoti, akaisogeza karibu na pua, akatafuta kitufe yeye mwenyewe, akakibonyeza na kukibonyeza mpaka sauti ikaisha.

Nyumba hiyo haikuwahi kunyamaza saa kama hiyo. Friji ilisikika jikoni. Mlango wa chumbani ukafunguka.

"TV imeharibika?" Jasleen aliita.

"Biji yuko sawa?" Hiyo ilikuwa sauti ya Gurleen, na nyayo zilikuwa zinakimbia.

Kitasa kikazunguka. Kitambaa kikakazika mikononi mwa Ndanu, mlango ukafunguka, na Arjun akaingia akinaswa na kilemba chake mwenyewe. Akafungua fundo kwa pupa huku akiuliza kitu kwa Kipunjabi. Hata Ndanu alielewa kwamba ameogopa.

Biji alimtazama kwa muda mrefu. Alipojibu, alijibu kwa Kiswahili, ili Ndanu naye asikie.

"Ndevu yako nyeupe. Tangu lini?"

"Kitambo kidogo, Biji."

"Ndanu sema wewe nacheka kila siku. Hii ya ndevu hakusema."

Arjun akamtazama Ndanu. Ndanu akatazama zulia. Gurleen na Jasleen walikuwa wamesimama mlangoni, hakuna aliyeingia. Arjun akainama aweke ncha ya kitambaa chini.

"Usiachilie," Biji akasema. "Vuta. Ndanu, wewe kunja. Mimi naangalia."

Akavuta. Kitambaa kikanyooka toka upande mmoja wa sebule hadi mwingine. Kwenye kioo watu walikuwa wakigombana bila sauti. Simu ikatetemeka mfukoni mwa Arjun, ikanyamaza, ikaanza tena. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshika kilemba.