Mito ya Masikio ya Maestro

Cyriaque alipokwenda Ubelgiji kusomea uhasibu alikuwa mtu wa kawaida, mwimbaji wa besi mwenye pea moja ya viatu. Miaka miwili baadaye alirudi na koti la mvua lisiloijua mvua ya kwetu, kikohozi cha kusafisha koo kabla ya kila sentensi, na kaske. Tangu wiki hiyo kwaya ya parokia ikapewa amri ya kumwita Maestro.

Kaske ni zile spika mbili za kuvaa masikioni, zinazoshikwa na utepe wa chuma unaopita juu ya utosi. Lakini ole wako useme mbele yake kwamba ni kaske kama kaske nyingine. Zake zilikuwa wazi kwa nyuma, na wavu mdogo kama wa chujio la chai.

"Kaske iliyofungwa ni jeneza," aliwaambia wanakwaya. "Hii iko wazi. Sauti inapumua."

Kupumua, ilipumua kweli. Aliyekaa benchi ya pili alisikia kila kilichokuwa ndani. Mara nyingi Maestro akiwa amefumba macho, kidole kikipunga hewani kana kwamba anaongoza vinanda vya Roma, wanakwaya walimsikia mtangazaji wa mpira akililia goli. Hakuna aliyemwambia. Mkubwa haambiwi kwamba ananuka. Watu husogea tu upepo unakotoka.

Katika kwaya hiyo, safu ya nyuma, nyuma ya nguzo, alisimama Gahongayire. Alikuwa fundi wa mito. Cherehani yake ya miguu ilikaa kwenye baraza la duka moja Kabuga, mkabala na mahali mabasi ya kwenda mjini yanapojaza watu, na hapo alishona mito ya viti, magodoro na mavazi ya viti vya magari. Ukimuuliza jambo alikujibu akiutazama uzi. Ila akiimba alikuwa mtu mwingine. Sauti yake ilikuwa nyembamba, imenyooka, haikujua kupinda.

"Gahongayire," Maestro alimwambia siku ya kwanza, "hiyo ni sauti au sindano?"

Watu walicheka, naye akacheka pamoja nao, maana ni vigumu kulia katikati ya watu wanaocheka. Tangu hapo, kila sikukuu akija padri mgeni, Maestro aliinyoshea safu ya nyuma vidole viwili. Maana yake Gahongayire aliijua: fungua mdomo, usitoe sauti. Miaka minne aliwaimbia wageni kwa midomo tu, kama samaki.

Mwaka huo, wa tisini na moja, parokia iliamua kurekodi kanda ya Noeli. Wimbo mmoja ulikuwa na sehemu ya mwanamke peke yake, beti tatu nzima. Gahongayire aliitaka sehemu hiyo kuliko alivyotaka mume, na mama yake alikuwa amekwisha kuacha kumuuliza habari za vyote viwili.

Ili watu wasigombane, Padri alitoa utaratibu. Wanawake tisa wangeimba ubeti mmoja mmoja, kila mmoja kwenye kanda yake. Padri mwenyewe angeziandika namba, na karatasi ya majina ingekaa mfukoni mwake. Maestro angesikiliza namba, si watu. Maestro alilipenda jambo hilo sana. Jumapili, baada ya matangazo, aliweka mkono juu ya kitabu cha nyimbo akaapa mbele ya waumini wote kwamba namba itakayochaguliwa na sikio lake ndiyo itakayoimba, hata ikiwa ya mbuzi.

Uwase, binti wa mwenye ghala la maharage, mwenye sauti nene kama uji wa mtama, hakungoja namba. Kesho yake alimpelekea Maestro majogoo wawili. Maestro aliwapokea akisema sikio halili kuku, na tumbo likawala, likaliachia sikio heshima yake.

Wiki hiyohiyo Maestro alifika barazani kwa Gahongayire na masikio meusi. Mito ya kaske, ile miduara laini inayogusa sikio, ilikuwa imezeeka ikaanza kubomoka, na vumbi lake jeusi lilimganda hadi shavuni. Alionekana kama mtu aliyebusu sufuria pande zote mbili.

"Nataka mito mipya," alisema. "Siyo ya kukalia. Ya kusikilizia."

"Ndiyo, Maestro."

"Wa kushoto uwe mnene kidogo. Violini hukaa kushoto."

"Ndiyo, Maestro."

Jirani wa baraza, Nsabimana, fundi redio na mwimbaji wa besi katika kwaya hiyohiyo, aliinua kichwa kutoka kwenye redio aliyokuwa ameipasua tumbo. Ndiye aliyerekodi kanda za wale tisa. "Na mto wa kulia, Maestro, tuutie chumvi?"

Maestro alikohoa, akamgeuzia mgongo.

Gahongayire alishona ya mahameli, iliyobaki kwenye makochi ya bwana harusi mmoja. Maestro aliivaa siku mbili akarudi. "Sauti imepoa. Besi imetoroka." Akashona ya ngozi laini ya mbuzi, sponji ndani, mshono umefichwa. Maestro akarudi tena. "Besi imekuja, lakini imekuja na ukoo wake wote." Akapunguza sponji. "Sasa waimbaji wamekaa mapajani mwangu." Akaongeza. "Sasa wako Ndera." Ndera ni mbali kidogo, na ndiko iliko hospitali ya wagonjwa wa akili, kwa hiyo Nsabimana alishindwa kujizuia.

"Kama wako huko, Maestro, wasalimie. Wanakungoja."

"Wewe endelea kuchoma waya," Maestro alisema. Akaziweka kaske mezani kwa Gahongayire kwa uangalifu, kama anayemlaza mtoto. "Nakuachia mpaka Jumamosi. Unene uwe wa jana, ngozi ya juzi. Halafu weka kitambaa ndani, mbele ya spika, kuzuia vumbi. Jumamosi ndiyo siku ya kuchagua."

"Kitambaa gani, Maestro?"

"Kitambaa! Wewe ndiye fundi au mimi?"

Akaenda zake na masikio yake meusi.

Gahongayire alimaliza mito. Kisha, kwa mara ya kwanza, akatamani kujua kitu alichokuwa anakishona wiki mbili. Nsabimana alikuwa amebaki na kanda ya majaribio, ile ya kupimia sauti za wanawake kabla ya kurekodi. Akachomeka kaske kwenye redio kaseti yake.

"Vaa, sha, dada yangu. Uone Ubelgiji."

Akavaa. Uwase akaimba ndani ya kichwa chake, mzito na mtamu. Halafu ikaja sauti nyingine, na Gahongayire akashtuka akazivua kama zimemng'ata.

"Ni nani huyu?"

"Ni weye."

Hakuwa amewahi kujisikia. Alikaa na mguu kwenye pedali, cherehani haitembei. Kumbe Maestro hakumsingizia. Ilikuwa sindano kweli, tena ya magunia.

Alichofanya baada ya hapo hakukifanya kwa ubaya. Alikifanya kwa sababu mikono yake ilikuwa mikono ya fundi. Akakata kiduara cha chandarua akakiweka mbele ya spika, akasikiliza. Sindano. Akaweka pamba ya shuka. Sindano, lakini imefutwa kutu. Akatafuta kwenye gunia la mabaki akapata kipande cha blanketi la kijivu, lile zito. Akakata viduara viwili, akavaa, akamwomba Nsabimana arudishe kanda.

Sauti yake ilikuja ikiwa imetulia. Ule ukali ulikuwa umebaki mlangoni kama viatu vya mgeni, na kilichoingia ndani kilikuwa laini hata yeye mwenyewe akatamani kukijua. Akamsikiliza na Uwase. Uwase sasa aliimba kama mtu aliyejifunika gubigubi, na pua imeziba.

"Kwani Maestro alisema kitambaa gani?" aliuliza taratibu, akiutazama uzi.

"Alisema kitambaa," Nsabimana alijibu. "Na blanketi siyo bati, sivyo?"

Gahongayire akashona viduara ndani. Mishono midogo midogo, mara mbili.

Jumamosi saa nane kwaya yote ilikuwa ukumbini. Maestro angeweza kusikiliza peke yake, lakini mtu hanunui taji ili alivae chumbani. Aliweka kiti mbele, meza, redio kaseti, akavaa kaske, akafumba macho. Padri akawa anampa kanda moja moja.

Namba moja. Kutoka nyuma ya kaske sauti ilivuja ukumbini, ndogo kama mbu ndani ya chupa. Maestro akatikisa kichwa. "Haina mgongo." Namba mbili. "Hii inauza samaki." Namba nne, sauti nene ikavuja, na kila mtu akajua ni Uwase, hata Uwase, ambaye alitabasamu akarekebisha kitambaa chake cha kichwa. Maestro akakunja uso. "Huyu ana mafua. Apumzike."

Tabasamu la Uwase likabaki usoni bila mwenyewe.

Namba sita. Hapo ndipo Gahongayire alipogundua kosa lake. Blanketi alikuwa ameliweka upande wa sikio. Nyuma, kwenye ule wavu wa kupumulia, hakukuwa na kitu. Sindano ikatoka nzima nzima, ikapita juu ya vichwa, na wanakwaya arobaini wakageuka kuitazama nguzo. Hakuna aliyehitaji karatasi ya Padri.

Maestro, ndani ya kaske, alikuwa ameegemea kiti. Uso wake ulilainika. Mkono ukainuka wenyewe.

"Asali," alisema kwa sauti kubwa, kama wanavyosema watu waliozibwa masikio. "Asali! Huyu amefundishwa wapi? Msikieni jinsi asivyochoma!"

Kicheko kilianzia kwa wenye sauti ya kwanza kikafika kwa besi. Maestro alidhani wanafurahi pamoja naye, akacheka pia. Akavua kaske. "Sina haja ya kusikiliza waliobaki. Ni namba sita."

Padri akafungua karatasi. Alikuwa mtu mpole, akasoma bila kuinua macho. "Gahongayire."

Maestro akakohoa. Akakohoa tena. Kabla hajapata sentensi, Uwase alikuwa amefika mezani.

"Ndiye aliyeshona hiyo mito! Tangu lini mshtakiwa akamshonea hakimu masikio?" Akaingiza kidole chini ya ngozi ya mbuzi, akapapasa. "Kuna kitu humu. Baba Padri, kuna blanketi humu!"

Gahongayire alitoka nyuma ya nguzo kwa sababu watu walikuwa wamempisha, na mtu aliyepishwa hana pa kujificha. Alitembea hadi mbele. Alijua kwamba akisema vibaya atarudi nyuma ya ile nguzo mpaka azeeke. Alitazama mishono yake.

"Ni kitambaa cha kuzuia vumbi," alisema. "Maestro aliniagiza."

"Blanketi?" Uwase alifoka. "Aliagiza blanketi?"

"Aliagiza kitambaa. Mimi nina mkasi hapa." Akautoa mfukoni mwa gauni. "Maestro, nikitoe? Nikitoe mbele ya watu wote, usikilize upya. Kama sikio lako litasema vingine, nitakubali."

Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyowahi kuyasema ukumbini humo.

Maestro aliutazama mkasi. Alizitazama kaske. Akawatazama wanakwaya arobaini, na kila jicho lilikuwa limekaa tayari, kama watu waliowahi viti vya mbele. Kusikiliza upya kulikuwa kukiri kwamba sikio la Ubelgiji, lililoapa juu ya kitabu, thamani yake ni vipande viwili vya blanketi kuukuu. Kutosikiliza kulikuwa kumpa fundi wa mito beti tatu.

"Maji ukiyavulia nguo, Maestro," Nsabimana alisema kutoka kwenye besi, polepole, bila kumalizia.

Maestro akasafisha koo kwa muda mrefu sana.

"Hakuna haja ya mkasi," alisema. "Ni mimi niliyeagiza blanketi. Ni utaratibu. Wataalamu wanalitumia sana, hasa majira ya baridi."

"Uliagiza blanketi?" Padri aliuliza.

"La kijivu, Baba Padri. Rangi ni muhimu."

Uwase akasema kwamba anataka majogoo wake, na Padri akauliza majogoo gani, na Maestro akasema haraka kwamba muda unakwenda, watu wanapaswa kuwa majumbani kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje usiku, iliyowekwa tangu vita vianze, basi mazoezi yaanze mara moja.

Wakasimama. Gahongayire akawekwa mbele, hatua mbili kutoka kwa Maestro, mahali ambapo hakuna nguzo. Maestro alinyoosha mkono kuzichukua kaske, pengine azivae hata bila waya, lakini Padri alikuwa amezishika anageuzageuza, akizitazama ndani kama mtu aliyepata kiatu cha askofu. Ikambidi Maestro aongoze na masikio yake mwenyewe, yale aliyozaliwa nayo.

Kwaya ikaimba kiitikio, ikanyamaza. Gahongayire akavuta pumzi.

Sauti ilimwingia Maestro bila ngozi, bila sponji, bila blanketi. Jicho la kushoto likaruka. Bega likapanda likagusa sikio kama linataka kulifunika. Jasho likamtoka juu ya mdomo.

"Ikoje, Maestro?" aliuliza mmoja wa besi, kwa adabu kubwa.

"Asali," Maestro alisema, meno yameumana.

Gahongayire alimwona. Miaka minne alikuwa ameipunguza sauti, ameimeza, amepanua mdomo bila kutoa kitu. Wimbo ulikuwa na beti tatu. Alipofika mwisho wa ubeti wa kwanza, akaupandisha wa pili juu kidogo kuliko ulivyoandikwa, na jicho la Maestro likaruka tena, naye akaendelea kupunga mkono, akitabasamu, kwa kuwa kila mtu alikuwa akimtazama.