Kompyuta Isiyojua Leo Tarehe Ngapi

Kompyuta ya karakana ilikuwa na swali lile lile kila asubuhi, na Bi Mkubwa alikuwa na jibu lile lile. Ukiiwasha ilinguruma kama mtu anayesafisha koo, ikatulia, halafu ikauliza kwa herufi za kijani juu ya kioo cheusi: leo tarehe ngapi? Betri ya saa yake ilikufa zamani. Kila ikizimwa ilisahau miaka yote iliyopita, na ikiamka ilidhani ni tarehe mosi Januari, 1980. Bi Mkubwa alibonyeza enta bila kusoma, akatundika mkoba wake ukutani.

"Mama, inakuuliza," binti yake alimwambia siku moja.

"Inauliza ya nini? Kazi yake michoro. Kalenda hii hapa ukutani."

Karakana ilikuwa chumba kirefu chenye meza ya kukatia upande mmoja na rafu za nyuzi upande wa pili. Katikati ilisimama mashine ya kutarizi yenye vichwa vinne. Ilitia nembo kwenye mashati ya shule, makoti ya hospitali na kofia za walinzi. Aliyeiendesha ni fundi mmoja mwembamba aliyeweza kusimama wima mahali pamoja kutwa nzima, ndiyo maana wote walimwita Msumari.

Mashine na kompyuta hazikuunganishwa. Mchoro ulitoka kwenye kompyuta kwa disketi, kile kibao chembamba cha plastiki cha kuhifadhia kazi, ukatembezwa hatua chache, ukachomekwa kwenye mashine. Na mashine ilikuwa na tabia moja mbaya: ilitarizi mchoro wa kwanza ilioukuta, haikuuliza mtu. Kwa ajili hiyo, wakati fulani, kwaya nzima ilipelekewa majoho yenye nembo ya kampuni ya sumu ya panya. Tangu fedheha ile, Bi Mkubwa aliweka sheria. Kila mteja na disketi yake. Kazi ikiisha, yeye mwenyewe anafuta mchoro na kuifungia disketi kwenye droo, na ufunguo unakaa shingoni mwake.

"Disketi ni sahani," alisema. "Ukishakula, osha."

Watu waliokuja na simu zao za kisasa waliicheka ile kompyuta. Yeye hakujali. Alisomea diploma yake wakati mifumo ya kompyuta haikuwa na picha hata moja. Uliandika amri, ukakosea nukta moja, ikakurudishia maneno ya kukukatalia. Mkufunzi wao aliwaambia mfumo ule wa DOS ni kama karani wa serikali: si mkali, ila hapokei karatasi iliyojazwa vibaya. Bi Mkubwa akaupenda. Alipenda kitu kinachosema ndiyo au hapana.

Kisha alipata kazi ofisini, na yakaja madirisha. Wakaletewa kipanya, mhasibu mmoja akakishika hewani na kukielekeza kwenye kioo kama rimoti. Baada ya madirisha yale yakaja mengine yenye kitufe cha kuanzia pale pembeni, watu wakapelekwa semina kufundishwa kubonyeza kitufe. Hawajakaa vizuri, likaja toleo jipya, na jingine, kila moja na semina yake, kila moja na mahali pake pa kuficha kile ulichokiona jana. "Ni kama wifi asiye na kazi," alikuwa akisema. "Unaamka asubuhi unakuta kakuhamishia vyombo vyote vya jikoni, na anataka umshukuru." Alipoacha ofisi na kununua mashine ya kutarizi iliyokwishatumika, ikaja na kompyuta yake kuukuu ya DOS. Bi Mkubwa aliiwasha, akaona kioo cheusi, akajua amefika nyumbani. Akaapa hahami tena.

Ila mwili hauapi pamoja na mwenyewe. Miezi ya karibuni zile herufi za kijani zilianza kumchezea. Zilikuwa zinatambaa kama mchwa. Amri alizijua kwa vidole, kwa hiyo aliendelea kuandika, lakini majibu ya kompyuta aliyakisia. Hakumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, anajua hata mtoto, lakini kujua ni kitu kimoja na kusema ni kingine.

Binti yake, ambaye karakana nzima ilimwita Profesa kwa sababu alisomea kompyuta, alikuja likizo na barua ya kazi. Mji wa mbali, ofisi nzuri.

"Au nibaki hapa," alisema akiwa amekaa juu ya meza ya kukatia. "Lakini si na hili jeneza, Mama. Likifa leo, michoro yote inakufa nalo. Nipe nihamishe."

Bi Mkubwa alitaka kusema baki. Kilichotoka ni kingine.

"Haya. Hamisha. Nembo ya wauguzi ikitoka sawa, karakana yako. Isipotoka sawa, mwanangu, kawahi ile kazi yako, na hii tusiizungumze tena."

Msumari aliguna akiwa kwenye mashine. Alijua uzito wa sharti hilo. Chuo cha uuguzi kilikuwa kimebadili nembo: kandili ya zamani peke yake ikaongezewa mikono miwili inayokinga mwali. Bi Mkubwa aliichora mikono ile kidole kwa kidole, mshono kwa mshono, na kwa macho yale ilimtoa jasho. Mahafali yalikuwa Jumamosi. Msajili wa chuo alikuwa amekwisha kupiga simu: "Bi Mkubwa, mwaka jana mlinichelewesha nikanyamaza. Ijumaa nisipoziona nembo zangu, nampa mwenzio wa ng'ambo ya barabara."

Jumatano Profesa alifungua kasha la kompyuta, akachomoa diski, akaiunga kwa kebo na kompyuta yake ndogo. Bi Mkubwa alisogea kuchungulia, akashangaa. Kioo cha mtoto kilikuwa cheusi, na maandishi meupe yakipanda juu.

"Nini hiki?"

"Linux, Mama. Ni mfumo mwingine. Hapa ninaandika amri."

"Unaandika amri." Bi Mkubwa alishika kiuno. "Yaani mmezunguka dunia nzima, na madirisha yenu, na vitufe vyenu, mmerudi kwangu?"

"Hatukuondoka kabisa," Profesa alicheka. "Picha ni rangi ya ukutani. Ukiikwangua, chini unakuta maandishi."

"Ungesema mapema. Nimekaa semina ngapi za bure!"

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Likizo iliyopita Profesa alikuwa amekwisha kunakili michoro yote na kuihifadhi upya mmoja mmoja kwenye kompyuta yake. Sasa alitaka pande zote mbili zifanane. Akaiamuru: linganisha, na kila mchoro wenye tarehe mpya zaidi ufunike ule wa zamani. Ikamaliza kabla Msumari hajabadilisha uzi. Profesa akarudisha diski mahali pake, akautia mchoro wa wauguzi kwenye disketi aliyopewa na Msumari, akamrudishia, na mashine ikaanza kulia.

Msumari alikitoa kipande cha majaribio, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Bi Mkubwa," alisema polepole. "Hawa wauguzi wamekatwa mikono."

Ilikuwa kandili ya zamani, peke yake.

Profesa aliifungua kompyuta yake: kandili ya zamani. Akawasha kompyuta kuukuu: kandili ya zamani. Akaziangalia tarehe za michoro, akaketi chini.

"Mama, ulichora lini ile mikono?"

"Mwezi uliopita. Kwani?"

"Kompyuta yako inasema mwaka 1980. Kila kitu ulichokifanya humu, inasema ni 1980. Nilichohifadhi mimi kina tarehe ya mwaka jana. Kwa hiyo imeona wangu ndio mpya." "Imefunika mikono yako kwa kandili yangu ya zamani. Sikuangalia tarehe, Mama. Kitu cha kwanza kabisa ambacho ningeangalia kwa mtu mwingine yeyote."

Bi Mkubwa alikitazama kile kipande cha nguo. Kuichora upya mikono kabla ya Ijumaa, kwa macho yake haya, ni ndoto. Na sharti alilitamka mwenyewe, mbele ya shahidi. Mtoto angefunga begi akiwa na haki zote, na yeye angebaki na mchwa wake.

"Na mimi," alisema, "ingekuwa naijibu pale inaponiuliza, haya yasingetokea. Ilikuwa inataka tarehe tu." Kisha, kwa sauti ya kazi: "Maji yameshamwagika. Tunazoa vipi?"

"Disketi. Ile mikono uliipeleka kwenye mashine kwa disketi, si ndiyo? Kuijaribu, mwezi uliopita?"

"Ndiyo. Nikaosha."

"Unaosha kwa amri gani?" Profesa alisimama. "Mama, unafuta tu, au unafomati, yaani unaisafisha yote upya?"

"Nafuta. Kufomati inanichelewesha."

"Halafu hukuandika kitu kingine juu yake?"

Bi Mkubwa alimgeukia Msumari. "Wewe. Hili jaribio la leo mmelitia kwenye disketi ipi? Si ya wauguzi?"

"Ya wauguzi angenipa nani? Umeifungia na ufunguo umeuvaa kama hirizi," Msumari alijibu. "Nimempa Profesa ya walinzi, uliyoiosha jana hujaifungia."

"Mungu akuzidishie uvivu wa kuniomba!"

Profesa alikuwa anaongea haraka. Katika mfumo ule, alisema, kufuta si kuchoma. Kompyuta inafuta herufi ya kwanza tu ya jina la faili na kuandika kwamba hapa ni wazi. Faili lenyewe linabaki limelala pale pale mpaka kitu kingine kiletwe juu yake. "Tulisoma darasani, kwenye historia ya mifumo. Ila sijawahi kuifanya. Sijui hata amri yake ni ipi."

"Amri yake ninayo mimi," Bi Mkubwa alisema. "Tulifanyia mtihani."

Alifungua droo, akatoa disketi, akasukuma kale kadirisha kake pembeni ili isiweze kuandikwa.

"Hapana," Profesa alimshika mkono. "Ukiifunga hivyo haitaweza kurudisha herufi. Iache wazi. Ila usikosee."

Aliiacha wazi, akaichomeka, akaketi mbele ya kioo cheusi. Vidole viliandika vyenyewe, UNDELETE na herufi ya disketi, akabonyeza enta. Disketi ilikwaruza. Mstari ukatokea, na mwingine, ikajipanga kama misafara ya mchwa wa kijani.

Bi Mkubwa aliinama karibu na kioo, akarudi nyuma.

"Nisomee," alisema.

Profesa aliangalia kioo, halafu akamwangalia mama yake, ambaye alikuwa hajageuza kichwa. Alivuta kigoda akakaa ubavuni.

"Inasema imekuta faili moja lililofutwa. Jina halina herufi ya kwanza. Inauliza, nilirudishe?"

"Ndiyo." Akabonyeza.

"Inaomba ile herufi ya kwanza."

Akaandika W, ya wauguzi.

"Inasema limerudi, Mama."

"Inasema, au wewe ndiye unayesema?"

"Inasema. Limerudi."

Msumari aliipokea disketi kwa mikono miwili, kama anayebeba yai. Mashine ililia, uzi wa manjano ukaweka mwali, uzi wa kahawia ukaanza upande wa kushoto: kidole gumba, cha shahada, cha kati. Wote watatu walisimama pale mpaka mkono wa pili ulipokamilika.

"Wauguzi wamepona," alisema Msumari.

Ijumaa asubuhi msajili alikuja mwenyewe, akavuta nembo moja kwa kucha kujaribu nyuzi, akachukua boksi lake akaondoka bila kusifu. Bi Mkubwa alimsindikiza mlangoni. Aliporudi alikuta Profesa ameikunja barua ya kazi mara nne na anaitazama.

"Haikutoka sawa, Mama," alisema. "Ile ya kwanza. Sharti ni sharti."

"Nilisema ikitoka sawa. Nilisema mara ya kwanza?"

"Hukusema."

"Basi usinitilie maneno mdomoni." Alijivua kamba ya ufunguo wa droo, ikanasa kwenye hereni, akaivuta kwa hasira, akaiweka juu ya meza. "Jumatatu unanipeleka kwa daktari wa macho. Na hayo madude yako uyahamishe pole pole, nikiwa nimekaa hapa."

Profesa alivaa ufunguo. Akanyoosha mkono kuwasha kompyuta kuukuu, ikanguruma, ikatulia, ikaandika mstari wake wa kijani. Kidole cha Bi Mkubwa kilikwenda chenyewe kwenye enta. Binti yake alikohoa.

Kidole kilisimama hewani.

"Haya, nawe," alisema Bi Mkubwa. "Leo tarehe ngapi?"