Mama wa Chini ya Ngazi

Kissa alikuwa na maswali arobaini, na Mama Luo aliyajibu yote akiwa amekaa juu ya robota la nguo, chini ya ngazi ya jengo moja nyuma ya soko la nguo la Zhanxi. Jana alikula mara ngapi. Ana mablanketi mangapi. Daktari alimwona lini. Hapo mama alicheka, akammiminia mgeni maji ya moto kwenye kikombe cha bati, kisha akaendelea kukata nyuzi zilizoning'inia kwenye suruali mpya.

Kissa, binti wa Tukuyu, alikuwa mwaka wa tatu akisomea takwimu Guangzhou, China. Profesa wake alitaka kujua: katika nchi iliyotajirika hivi, maskini wamebaki wangapi?

Aliporudisha majibu, kompyuta ilimkataa Mama Luo. Hakuwa na namba ya nyumba.

"Tunapima kaya," profesa alimwambia, bila ukali. "Asiye na mlango wake si kaya. Mfute."

"Lakini nimeongea naye."

"Najua. Mfute."

Akamfuta. Ripoti ikatoka: katika kila watu mia wa mtaa ule, maskini ni wawili tu. Profesa akapongezwa.

Tangu hapo, kila Kissa alipofungua jedwali, alihisi mtu amesimama nyuma yake, kimya, akisubiri kuulizwa. Wiki ya pili uvumilivu ulimwishia. Akanunua blanketi, akaenda.

Chini ya ngazi palikuwa pamepakwa rangi nyeupe. Robota hakuna, kikombe hakuna. Bi Safia, Mzanzibari anayenunua suruali ghorofa ya pili, alikuwa akishuka.

"Shikamoo, Bi Safia. Yule mama wa hapa kahamia wapi?"

"Marahaba. Mama gani, mwanangu? Hapa hajapata kukaa mtu."

"Mkata nyuzi. Mwenye mvi."

"Miaka sita napita ngazi hii kila siku." Bi Safia aliutazama ukuta, akashusha sauti. "Ningemwona. Au?"

Mlinzi, mwenye duka, wachukuzi, wote walimjibu neno moja: *meiyou*, hakuna.

Kissa alimwandikia profesa kwamba hataki tena jina lake liwe kwenye ripoti. Kisha akachukua daftari, akaanza na jengo la kwanza la barabara ya Guangyuan, akiinama chini ya kila ngazi na kuuliza maswali yale yale. Kufikia Ijumaa alikuwa ameandika watu thelathini na wanane, kila mmoja kwa jina lake.

Mama Luo hakuwamo.